Ingieni Kwaresima Mkiwa Wawili



Majuma mawili kabla ya Jumatano ya Majivu, mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa baada ya Misa. Nilidhani ana shida ya karo au mgonjwa nyumbani. Tulipokaa, alisema neno ambalo sijalisahau: "Kwaresima ndiyo fungate yangu, na Pasaka ndiyo matanga yangu." Nikamwomba anieleze.

Mumewe ni fundi wa ujenzi. Ni mwamini, tena si wa jina tu. Hakosi Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa, na kila mwaka, siku ya kupakwa majivu, huacha pombe. Haonji hata tone. Jioni hurudi kabla ya giza kuingia, unga uko mkononi na mshahara uko mfukoni. Watoto hulala wameshiba. Lakini Jumapili ya Pasaka, Misa ikishakwisha, hapiti njia ya nyumbani. Huenda moja kwa moja baa "kufungua". Hurudi Jumatatu usiku, mwaka mwingine Jumanne, na akiba ya majuma sita imekwisha. Mwaka uliotangulia alikuwa amewaahidi watoto kuku wa Pasaka, na kuku hakuonekana. Mtoto wa mwisho, wa miaka saba, akamwuliza mama yake: "Mama, kwa nini Yesu akifufuka, Baba hupotea?"

Ndugu msomaji, swali la mtoto huyo ndilo lililonifanya niandike somo hili. Huenda nyumbani mwako si pombe. Huenda ni hasira, kamari ya simu, masengenyo, au kununiana siku nyingi. Lakini karibu sote tunajua Kwaresima ya namna hiyo: tunaacha kitu Jumatano, tunahesabu siku, kisha tunakirudia tukiwa na njaa zaidi kuliko mwanzo.

NYUMBA ILIYOFAGILIWA

Ndoa haisikilizwi kwa sikio moja, kwa hiyo niliomba kumwona bwana pia. Alikuja akiwa na haya. Nilipomwuliza kuhusu Kwaresima alisema: "Mimi nafunga kweli. Lakini nikirudi mapema hakuna anayenisemesha. Watoto wakisikia mlango wanahamia jikoni. Mama yao anageuza zile jioni ninazokuwa na akili timamu kuwa siku za kunisomea makosa ya mwaka mzima. Naketi hapo kama mgeni anayesubiri gari. Pasaka ikifika, nakwenda mahali ninapojulikana."

Nilitulia kidogo. Kumbe wote wawili walikuwa wakisema kweli! Yeye alikuwa ameondoa pombe, lakini mahali pa pombe hapakuwekwa kitu. Na mama, aliyeumia miaka mingi, alikuwa akizitumia siku arobaini kudai deni, kwa sababu ndizo siku pekee ambazo mdaiwa alipatikana nyumbani.

Katika Injili ya Matayo, sura ya 12, Bwana wetu anasimulia juu ya pepo mchafu aliyemtoka mtu. Alipozunguka asipate pa kupumzika, alirudi akaikuta nyumba yake imefagiliwa na kupangwa vizuri, lakini tupu. Akaenda kuwaleta wengine saba waliomzidi ubaya, wakaingia wote, na hali ya mtu yule ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Angalieni vizuri. Ubaya wa nyumba ile haukuwa uchafu, maana ilikuwa imefagiliwa. Ubaya wake ulikuwa utupu.

Hapo ndipo Kwaresima nyingi hupotelea. Kufunga ni kufagia, na kufagia ni kwema. Lakini imani iliyo hai haiishii kwenye ufagio. Inamkaribisha mgeni wa kukaa, ambaye ni Kristo, na inawakaribisha pamoja naye mume, mke na watoto. Mtume Yakobo anatufundisha kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Basi, katika ndoa, Kwaresima isiyo na tendo kwa mwenzako iko karibu kufa nayo.

BWANA ARUSI ATOKE CHUMBANI

Wengi wetu huingia Kwaresima kila mtu peke yake. Mume ana nadhiri yake, mke ana nadhiri yake, na hakuna anayemwambia mwenzake. Tunasema, "Si Yesu alituonya tusifunge mbele ya watu?" Ni kweli, Injili ya Jumatano ya Majivu, kutoka Matayo sura ya 6, inatuonya tusitoe sadaka, tusisali wala tusifunge kwa kujionyesha. Lakini hebu sikiliza somo la kwanza la siku hiyo hiyo, kutoka kitabu cha nabii Yoeli. Nabii anaamuru tarumbeta ipigwe na watu wote wakusanywe: wazee, watoto, hata wale wanyonyao. Na mwishoni anawataja watu wawili ambao, kwa desturi za siku zile, walikuwa na ruhusa ya kukaa nje ya shughuli zote: bwana arusi na bibi arusi. Hata hao watoke chumbani mwao, waje kulia na kuomba pamoja na wengine.

Kwa nini nabii anawataja? Kwa sababu toba si shughuli ya wapweke. Ndoa haimpi mtu udhuru wa kutotubu. Tena, angalia kwamba wanatoka wote wawili. Hakumwita bibi arusi akalie kwa niaba ya bwana, jambo ambalo huonekana sana katika parokia zetu, ambapo mama hufunga na kusali rozari kwa ajili ya nyumba nzima, na baba hungoja Pasaka.

Kujionyesha mbele ya watu ni jambo moja, na kupatana na mwenzi wako ni jambo lingine. Yule mnayeitwa mwili mmoja naye si "watu". Kumwambia, "Mwaka huu nataka kupigana na hasira yangu, nisaidie," si majivuno. Ni unyenyekevu mkubwa, tena mgumu kuliko kuacha nyama.

KANISA LINATUDAI NINI?

Tuondoe kwanza mashaka, maana wapo wanaojitwika wasichodaiwa, na wapo wanaojisamehe wanachodaiwa. Kwa sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983, siku za kufunga na pia kujinyima nyama ni mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Sheria ya kufunga inawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapotimiza 59. Sheria ya kujinyima nyama huanza mtu anapotimiza miaka 14. Kufunga maana yake ni kula mlo mmoja kamili kwa siku, na mtu hakatazwi kuonja kidogo asubuhi na jioni. Ijumaa nazo ni siku za toba.

Mama mjamzito, mama anyonyeshaye, mgonjwa, na mtu anayetumia dawa zinazohitaji chakula hawafungwi na mzigo wa njaa. Mume mwema atamwambia mke wake mjamzito, "Wewe kula, mimi nitafunga kwa ajili yetu watatu."

Na tuseme ukweli mmoja: kuna nyumba nyingi nchini mwetu ambamo nyama huonekana Krismasi na siku mgeni akija. Kumwambia mtu wa nyumba hiyo aache nyama Ijumaa ni kumwambia aache asichokuwa nacho. Huyo ajiulize: ni kitu gani ninachokula kila siku kinachomwumiza mwenzangu? Wengine wetu tunakula heshima ya wake zetu mbele ya watoto. Wengine tunakula jina la waume zetu kisimani na kwenye chama. Nyama ya namna hiyo ipo hata katika nyumba maskini kabisa, na ndiyo ya kuacha kwanza.

NGUZO TATU KATIKA NYUMBA YA WATU WAWILI

Kanisa limetupa nguzo tatu za Kwaresima: sala, kufunga na sadaka. Tuziingize nyumbani moja moja.

1. Sala. Sisemi mwanze na rozari nzima kama hamjazoea. Anzeni na dakika tano kabla ya kulala, mmeketi kitandani, simu zimewekwa mbali. Mmoja aseme jambo moja la siku hiyo analomshukuru Mungu kwa ajili ya mwenzake. Mwingine naye aseme. Kisha Baba Yetu. Mkifika pale pa kusamehe waliotukosea, msipite haraka. Wenzi wengi wananiambia kwamba siku ya kwanza waliona haya kuliko siku ya arusi. Haya hiyo huisha siku ya tatu au ya nne. Na kama mwenzako amekataa, usimlazimishe wala usimsemee sala yenye mafumbo, "Ee Bwana, mguse yule aliye mgumu hapa." Sali kimya, na endelea kumwalika kwa upole.

2. Kufunga. Kila mmoja achague jambo moja, na mwenzake amsaidie kuchagua. Usimchagulie, msaidie. Muulize: "Ni kitu gani changu nikikiacha nyumba itapumua?" Kisha ukubali jibu bila kujitetea. Halafu, na hili ndilo muhimu, kila mnachokiondoa kiwekewe kitu mahali pake. Ukiondoa saa mbili za baa, weka saa mbili za jambo lenye jina: kumsaidia mtoto hesabu, kutengeneza banda la kuku, kutembea na mkeo hadi kwa jirani mgonjwa. Ukiondoa maneno makali, weka salamu. Saa isiyo na kazi ndiyo ile nyumba tupu ya kwenye Injili.

Hapa niseme jambo ambalo wengi huona aibu kuliuliza. Kanisa haliwakatazi wenzi tendo la ndoa wakati wa Kwaresima. Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 7, anawafundisha wenzi wasinyimane, isipokuwa wamepatana wote wawili, kwa muda, ili wapate nafasi ya kusali, kisha warudiane wasije wakajaribiwa. Basi mambo ni matatu: mapatano, muda maalumu, na sala. Mke anayehamia kitanda cha watoto kwa hasira akasema, "Mimi niko Kwaresima," hajafunga, amegoma. Na mume anayejitenga bila kumwuliza mkewe akadhani amekuwa mtakatifu, amesahau kwamba mwili huo si wake peke yake.

3. Sadaka. Kila mwaka Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya, kupitia Tume ya Haki na Amani, huandaa Kampeni ya Kwaresima. Jumuiya zetu hupewa kitabu chenye mada za kila juma, nasi tunafuata hatua tatu: kuona hali ilivyo, kuipima kwa mwanga wa Neno la Mungu, na kutenda. Msikiache kitabu hicho kwa mwenyekiti wa jumuiya. Someni mada ya juma nyumbani kabla ya siku ya jumuiya, na watoto wakiwapo. Wekeni kopo moja mezani. Pesa ya kile mlichokiacha, iwe ya soda, ya sigara au ya bia, iingie humo mbele ya macho ya wote, nanyi mpatane itakwenda kwa nani. Isaya, sura ya 58, anasema wazi kwamba mfungo anaoupenda Mungu ni kufungua vifungo vya waliodhulumiwa na kuwagawia wenye njaa chakula chetu, na anaongeza kwamba tusijifiche mbele ya damu yetu wenyewe. Kwa hiyo mume anayetoa bahasha nene kanisani na mtoto wake amefukuzwa shule kwa karo, arudi kwanza amsome Isaya.

JUMAPILI KWA JUMAPILI

Nataka kuwapa njia rahisi ya kutembea pamoja. Kila Jumapili baada ya Misa, tengeni nusu saa ya watu wawili tu. Nimetumia Injili za Mwaka A, ambazo zaweza kusomwa katika miaka mingine pia, hasa parokia ikiwa na wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa.

Jumapili ya kwanza: Yesu jangwani. Shetani alimjia wakati alipokuwa na njaa. Ambianeni: mimi hujaribiwa saa ngapi? Ni siku ya mshahara? Ni nikitoka kwa ndugu zangu? Ni nikiwa na uchovu? Anayeijua saa ya hatari ya mwenzake anaweza kumlinda, badala ya kumvizia.

Jumapili ya pili: Yesu anageuka sura mlimani. Mitume waliona kwa kitambo kidogo uzuri wa yule waliyemzoea. Kumbushaneni siku mlipopendana. Toeni picha za arusi, mcheke. Wenzi waliosahau utukufu wa mwanzo hawatauvumilia msalaba wa katikati.

Jumapili ya tatu: Mwanamke Msamaria kisimani. Yesu alianza kwa kuomba maji. Alijua habari za waume wote wa mama yule, lakini hakumtupia usoni. Alimweleza kwa namna ambayo mama mwenyewe alikwenda kuitangaza mjini. Basi nanyi msianze na makosa, anzeni na kiu. Kila mmoja amalizie sentensi hii: "Katika nyumba hii nina kiu ya..." Mwingine asijibu kitu siku hiyo. Asikilize tu.

Jumapili ya nne: Kipofu tangu kuzaliwa. Kila mmoja wetu ana mgongo asiouona. Ulizaneni: "Ni nini kwangu unachokiona ambacho mimi sikioni?" Jambo moja tu, na liwe pamoja na jema moja. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa. Kwa hiyo pimeni maneno. Juma hili ni zuri kwenda kwenye sakramenti ya Kitubio. Kila mtu aungame dhambi zake, si za mwenzake!

Jumapili ya tano: Lazaro. Yesu alipotaka jiwe liondolewe kaburini, Marta aliogopa harufu, maana ilikuwa siku ya nne. Katika ndoa nyingi kuna jiwe lililofunika kitu kinachonuka: mkopo wa simu, deni la chama, shamba lililonunuliwa kwa siri, mtoto aliye nje. Waswahili husema mficha uchi hazai. Yesu hakumfufua Lazaro jiwe likiwa mlangoni. Juma hili liondoeni.

Nirudi kwa wale wenzi wangu wawili. Walipofika Jumapili hii ya tano, aliyekuwa na jiwe zito alikuwa mama. Kila Pasaka, bwana alipopotea na akiba, yeye alikopa kwenye chama ili watoto wale na kodi ya nyumba ilipwe, kisha akalipa kidogo kidogo kwa kuuza mboga hadi mwezi wa Septemba. Hakuwahi kusema. Aliogopa ugomvi, na pia alikuwa na kiburi kidogo, kama alivyokiri mwenyewe. Bwana aliposikia hesabu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Miaka yote nilirudi nikakuta ugali mezani. Nilidhani Pasaka yangu haimgharimu mtu."

Unaona, ndugu msomaji? Mama alikuwa amemficha mumewe uchungu, na kwa kumficha alimnyima sababu ya kubadilika. Uvumilivu ni fadhila, lakini uvumilivu unaoficha ukweli waweza kuwa mto wa kulalia dhambi ya mwingine.

MANENO MAWILI YA TAHADHARI

La kwanza, kuhusu pombe. Yupo anayekunywa kwa mazoea, na yupo ambaye pombe imekwisha kumfunga. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla, aweza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kuona vitu visivyokuwepo, hata kushikwa na kifafa. Huyo si mtu wa kupewa nadhiri tu. Apelekwe hospitali asaidiwe kuacha kwa usalama. Kumwona daktari si kukosa imani. Na aliyekwisha kupata nafuu asibaki peke yake. Chama cha Pioneer, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898 na Padre James Cullen, Mjesuiti, pamoja na wanawake wanne, kina wanachama hata hapa Kenya. Wao hujinyima pombe kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na husali kila siku kwa ajili ya walevi. Ulizeni parokiani.

La pili, kuhusu kipigo. Nikisema mchukuliane, sisemi mtu apigwe akanyamaza kwa sababu ni Kwaresima. La hasha! Msalaba wa Yesu haukuja ili mume aupige mwili aliouahidi mbele ya altare kuupenda. Aliye hatarini aondoke mahali pa hatari yeye na watoto, amwone padre, wazee wanaoaminika, na vyombo vya dola. Nchi yetu ina Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Kinyumbani tangu mwaka 2015, na mahakama yaweza kutoa amri ya kumlinda anayeteswa. Msamaha ni wa Kikristo. Kumwachia mtu aendelee kuumiza si msamaha.

PANGENI PASAKA MAPEMA

Twafika kwenye jambo ambalo wengi hawalitendi. Tunapanga Kwaresima kwa makini, na Pasaka tunaiacha ijipange yenyewe. Kumbe Kanisa limeitengea Kwaresima siku arobaini, lakini kipindi cha Pasaka limekipa siku hamsini, mpaka Pentekoste! Furaha ndiyo ndefu zaidi. Anayedhani Pasaka ni ruhusa ya kurudi alikotoka hajaelewa kaburi lilifunguliwa kwa ajili ya nini. Yesu hakufufuka ili arudi kaburini Jumatatu.

Kwa hiyo, juma moja kabla ya Jumapili ya Matawi, kaeni chini mpange. Alhamisi Kuu, mkitoka kwenye Misa ya Karamu ya Bwana, leteni beseni na maji ya vuguvugu. Mume amwoshe mke miguu, mke amwoshe mume, watoto wakitazama. Msiseme mengi. Ijumaa Kuu, fungeni pamoja. Usiku wa Mkesha mtawasha mishumaa na kurudia ahadi za ubatizo, mkimkataa Shetani na mambo yake yote. Kabla ya usiku huo kila mmoja ajue, kwa jina, ni jambo gani anakwenda kulikataa. Na Jumapili yenyewe muwe mmepatana: baada ya Misa tunakwenda wapi, pesa ngapi, nani ananunua nini, nani anakuja kula kwetu. Mialiko itolewe mapema, maana mtu anayengojewa mezani hupotea kwa shida.

Yule fundi alipanga hivi: kuku atamnunua yeye mwenyewe Jumamosi, si kumpa mtu pesa. Na yule mtoto wa miaka saba ndiye atakayemshika mkono kutoka kanisani. Mama naye aliahidi kwamba hatamhesabia saa. Jumapili ilipofika walipita mbele ya baa, mkono wa mtoto ukiwa ndani ya mkono wa baba. Marafiki walimwita. Akawapungia mkono, akaendelea.

Sitaki kuwadanganya kwamba hadithi iliishia hapo. Mwezi wa Mei alianguka, akalewa usiku mmoja. Lakini kesho yake alimwambia mkewe mwenyewe, kabla hajaulizwa, na Jumamosi akaenda kuungama. Mama naye hakufungua kile kitabu cha makosa ya mwaka mzima. Alimwekea chai, akakaa naye. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nyumba yao haikuwa tupu tena, na aliyeanguka alikuwa na mahali pa kurudi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwaresima iliyopita tuliacha nini? Baada ya Pasaka kilirudi? Mahali pake tulikuwa tumeweka nini?
2. Ni jambo gani moja ambalo nikilitenda siku hizi arobaini, wewe mwenzangu utajua kwamba imani yangu iko hai?
3. Kuna jiwe gani kati yetu ambalo naogopa kuliondoa? Ninaogopa nini hasa?
4. Watoto wetu wakiulizwa Pasaka ni nini nyumbani mwetu, watajibu nini?

Mpendwa msomaji, Mtaguso wa pili wa Vatikani uliiita familia Kanisa la nyumbani. Kama ni Kanisa, basi majivu yapakwe humo pia, na mshumaa wa Pasaka uwashwe humo pia. Usingoje mwenzako awe tayari kabisa, na usimtangulie ukamwacha mbali. Leo jioni, kabla ya kulala, mwulize kwa upole: "Mwaka huu tuingie pamoja?" Akisema ndiyo, mmekwisha kuanza. Akinyamaza, mwulize tena kesho.

Mungu awabariki, awajalie Kwaresima njema, na awafikishe Pasaka mkiwa wawili.